Nimekwama Mambo ya Walawi

SWALI: Shikamoo Mama. Ninaishi Mbagala na nina biashara ndogo Kariakoo. Mwezi Januari niliazimia kusoma Biblia nzima kwa mwaka mmoja na kuomba saa nzima kila alfajiri. Nilipofika Mambo ya Walawi niliacha kusoma, na maombi nayo yakakoma. Sasa naona aibu hata kuanza upya. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kabla hujajihukumu, tupige hesabu. Biblia yenye vitabu 66 ina sura 1,189, kwa hiyo anayetaka kuimaliza kwa mwaka hulazimika kusoma zaidi ya sura tatu kila siku, bila kuruka siku ya mtoto kuugua wala ya mvua kufunga barabara. Kwa mwendo huo huingia Walawi mwishoni mwa Januari, akakutana na sura 27 za sadaka, damu na ukoma, na wengi (mimi nimo, tena mara mbili) huishia hapo.

Anza na sura moja tu kwa siku, katika Injili ya Marko, uisome maji ya chai yakiwa jikoni. Biblia ilale mezani tangu usiku, na simu ibaki chumbani, maana ukishafungua ujumbe wa wateja alfajiri yako imekwisha. Siku ya uchovu soma Zaburi ya 117, yenye mistari miwili tu. Ukiruka siku, usifidie. Deni la sura ndilo lililokufukuza mara ya kwanza.

Mtazame Danieli, sura ya 6. Amri ya kukataza maombi ilipotiwa sahihi, aliingia chumbani mwake, madirisha yakiwa wazi kuelekea Yerusalemu, akapiga magoti mara tatu kwa siku kama alivyokuwa akifanya tangu zamani. Mahali, saa na magoti vilikuwa vimekwisha kuzoeana kabla ya hatari kufika.

Ndani ya daladala, ukiwa umesimama, usijilazimishe kusoma. Taja moyoni jina la mtu mmoja, hata mdeni wako (huyo ni mgumu, najua), umwombee mpaka mfike Kwa Aziz Ally.

Walawi isubiri. Katika Marko 1 utakutana na mwenye ukoma aliyetakaswa, ambaye Yesu anamwagiza ajionyeshe kwa kuhani na kutoa alivyoamuru Musa. Siku hiyo fungua Walawi 14, utaikuta sadaka yenyewe: ndege wawili walio hai, mti wa mwerezi, sufu nyekundu na hisopo.