Kodi imeisha huku, nyumba haijaisha kule

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa watu waliofunga mizigo lakini hawajahama. Mmoja anamngoja fundi, mwingine anangoja hati, mwingine anangoja mchezo (ule wa kuchanga na kupokea kwa zamu) umfikie. Ili nisijirudie kwa kila mmoja, niseme mapema: kusubiri nako kuna bei, na bei hiyo ipigie hesabu kila wiki kama unavyopigia hesabu unga na mkaa.

Habari za kazi dada. Tunakaa Tabata Segerea kwa kodi ya 200,000, na imeisha. Tumepata nyumba Kinyerezi ambayo mwenyewe anaimalizia. Tulimpa kishika uchumba 400,000 akasema wiki mbili, huu sasa mwezi wa pili. Mama mwenye nyumba wa huku anataka miezi sita au tutoke. Tufanyeje? (Mama wa wawili)

Nzuri mama. Kwanza tuelewane kuhusu hizo "wiki mbili". Kwa mafundi wa Dar, wiki mbili ni salamu, si tarehe. Ukiambiwa imebaki rangi tu, nenda mwenyewe mchana ukaone. Ingia chooni, fungua bomba, tazama juu. Kama sinki limeegemezwa ukutani na nyaya zinaning'inia, hiyo nyumba haijabakiza rangi.

Sasa hesabu. Miezi sita huko Segerea ni 1,200,000. Ukilipa leo, halafu Kinyerezi ikawa tayari baada ya miezi miwili, umeacha 800,000 kwa mama mwenye nyumba, na tusidanganyane, hela ya kodi ikishaingia kwa mwenye nyumba huwa hairudi. Nendeni kwake jioni, wewe na baba watoto, msiongee kwa simu. Mwombeni mlipe mwezi kwa mwezi, na kwa kuwa mnamvurugia mipango yake, mpandishieni wenyewe: 250,000 kwa mwezi. Miezi miwili ni 500,000. Ni kweli mmeongeza 100,000 juu ya kodi ya kawaida, lakini 700,000 imebaki mfukoni mwenu. Miezi mitatu ni 750,000, minne ni milioni moja, bado mko salama. Mwezi wa tano ndipo mnaanza kula hasara, maana mtafika 1,250,000. Kwa hiyo subira yenu ina kikomo: miezi minne. Mwambieni pia kwamba akipata mpangaji anayetaka kuja kuona, mtamfungulia mlango bila kununa. Wenye nyumba wengi hulainika hapo, kwa sababu hofu yao kubwa ni nyumba kukaa tupu.

Upande wa Kinyerezi, msiongeze hata mia. Hadithi hii naijua. Mara nyingi mtu wa namna hiyo si tapeli, hela ya kumalizia imemwishia tu, na anangoja kodi yenu ndiyo inunue vigae vyenu. Akija na "nipeni kidogo nimlipe fundi", jibu ni karatasi: 400,000 zilizokwishatolewa, tarehe ya kukabidhi funguo, na kwamba tarehe ikipita hela inarudi yote. Sainini mbele ya mashahidi, ikiwezekana kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Akikataa kusaini, amekujibu.

Na jambo moja la ndani. Usinunue pazia la nyumba ambayo funguo zake huna. Nakuambia mimi niliyewahi kushonesha mapazia ya nyumba ya Sinza, mpango ukafa, na madirisha ya nyumba niliyohamia yakawa nusu ya yale. Tulilalia mapazia yale kama shuka miaka mitatu.

Shikamoo mama. Nauza viatu Kariakoo, nalala kwa kaka yangu Mbagala Rangi Tatu. Nataka chumba changu cha 80,000. Kila siku naweka 5,000 kwenye simu, ikikaribia laki inaisha. Sijui inaendaga wapi. (Kijana wa viatu)

Marahaba mwanangu. Haiendi mbali, inaishia humohumo kwenye simu. Hela iliyo kwenye simu ni hela iliyo mkononi: vocha, nauli, rafiki kakwama, na mikeka ya mpira sitakuuliza, unajijua mwenyewe.

Kodi ya miezi sita ni 480,000. Dalali atataka mwezi mmoja, 80,000. Weka 90,000 ya usafiri, kitasa kipya (kitasa cha mpangaji aliyetoka usikiamini) na vitu vidogo. Jumla 650,000. Wewe unaweka 5,000, na ukifanya kazi siku 26 kwa mwezi hiyo ni 130,000. Miezi mitano. Umeona? Kumbe hela unayo, tatizo ni kwamba hujaipa siku ya kutoka.

Kwako wewe ningechagua mchezo wa wenzako wa pale pale Kariakoo, unaomlipa kijumbe, yaani mkusanyaji wake, kila siku. Watu hugombania namba za mwanzo, lakini anayepokea mwanzo amekopa, na anayepokea mwisho ameweka akiba. Wewe chukua namba za mwishoni. Ubaya wake ni kwamba mtu akitoroka, wa mwisho ndiye anayelia, kwa hiyo cheza na watu ambao meza zao unazijua na kwao unapajua. Kikoba nacho kizuri, ila uliza kwanza kinavunjwa lini. Vikoba vingi huvunjwa mara moja kwa mwaka, na wewe ukitaka kuhama katikati utaambiwa hisa zako zingoje mwisho wa mzunguko. Kama mchezo hukuuamini, nunua kibubu cha mbao kisicho na mlango, cha kuvunjwa kwa nyundo, akutunzie shemeji yako.

Na kwa huyo shemeji, usikae bure miezi mitano. Kiroba cha unga kila mwezi kitakugharimu kidogo kuliko kufukuzwa kabla chumba hakijapatikana.

Dalali ananitoza 10,000 kila nyumba anayonionyesha, nimeshatoa mara saba. Ni halali? (Mpangaji, Mwenge)

Umelipia matembezi. Kubaliana naye hela ya kuonyeshwa mara moja tu, hata nyumba ziwe kumi, na iondolewe kwenye udalali wake ukipata. Akikataa, madalali Mwenge hawajaisha. Na mara nyingi mama ntilie wa mtaa anajua chumba kinachoachwa wazi kabla ya dalali yeyote.

Nimejenga Kivule, nyumba imepauliwa lakini haina lipu wala vigae. Napanga Buguruni kwa 150,000. Mke wangu anasema tuhamie hivyohivyo, mimi nataka nimalize kwanza. Nani yuko sahihi? (Baba wa Kivule)

Mkeo, kwa sehemu kubwa. Ila asikie masharti.

Kodi ya 150,000 kwa mwaka ni 1,800,000. Hiyo ni hela inayoondoka bila kuacha hata tofali. Mtu anayengoja amalize kila kitu huku analipa kodi anajenga kwa mkono mmoja, na mji huu umejaa mapagale ya watu waliosubiri mpaka miti ikaota sebuleni. Lakini kuhamia pagale nako kuna gharama ambazo watu hawaziandiki. Nauli ya kutoka Kivule mpaka kazini kwako, ya mkeo, ya watoto kama shule bado iko Buguruni, na bodaboda ya kukutoa kituoni usiku: hizo zikusanye kwa mwezi mzima. Maji: kama bomba la DAWASA halijafika hapo kwako, ni boza au madumu, na tanki la kuyawekea. Ukijumlisha yote ukapata 140,000, basi hujaokoa kitu, umebadilisha tu wa kumlipa. Ukipata 60,000 au 70,000, hama.

Masharti yangu ni manne, na hayapungui. Choo kinachofanya kazi na shimo lililofunikwa. Mlango wa mbele na wa nyuma wenye vitasa vya kweli. Grili na nyavu kwenye madirisha ya vyumba vya kulala, maana wezi wa Kivule hawangoji lipu, na mbu hawangoji kabisa. Na umeme, hata kama ni taa mbili, kwa hiyo peleka maombi TANESCO sasa, kabla hujafunga mzigo, uulize mapema kama utahitaji nguzo. Nguzo ndiyo inayobadilisha bili. Chumba kimoja kipigwe lipu na sakafu, mlale hapo wote. Jipsam, vigae, rangi na lile geti uliloliota vingoje.

Kuhusu kununua vifaa mapema ili bei isipande: nondo sawa, vigae sawa kama una pa kufungia. Saruji usinunue ya akiba. Kwa unyevu wa Dar, mfuko uliokaa miezi mitatu huanza kupoteza nguvu, na ukiukuta na mabonge yasiyovunjika kwa vidole, hiyo si ya kupigia lipu tena. Wengine huweka hela kidogo kidogo kwenye duka la vifaa mpaka zitimie mifuko kadhaa. Si vibaya, mradi kila unapoweka upewe risiti yenye idadi ya mifuko, si kiasi cha fedha tu.

Na msihame masika. Machi hadi Mei barabara za ndani huko huwa mito, gari la mizigo likikwama mtalipa watu wa kulisukuma, na mtalipa tena wa kubeba makochi kichwani.

Nimenunua nyumba Goba. Nimetanguliza nusu, iliyobaki ni milioni 20, nitamalizia uhamisho wa hati ukikamilika. Inaweza kuchukua miezi. Hela niiweke wapi wakati nasubiri? (Mtumishi, Goba)

Popote isipokuwa kwenye biashara ya shemeji. Nasema kama mtu wa hesabu, mambo ya sheria mwachie wakili wako.

Hela hii haina tarehe, na hapo ndipo watu hukosea. Benki itakuvutia na amana ya muda maalumu, miezi sita, riba nzuri. Hati ikitoka baada ya miezi mitatu utavunja mkataba na riba itayeyuka. Kwa hela ya aina yako ningetazama Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya mifuko ya uwekezaji: huingii kifungo cha muda, na ukiomba hela yako unaipata ndani ya siku chache za kazi. Hutatajirika, lakini haitalala bure. Ukipenda akaunti ya benki, kumbuka kwamba Bodi ya Bima ya Amana humfidia mteja hadi milioni 7.5 katika benki moja ikianguka, kwa hiyo kugawa milioni 20 kwenye benki tatu si uoga.

Halafu usidhani deni lako ni milioni 20 kamili. Kuna ushuru wa stempu, karibu asilimia 1 ya thamani, kuna ada za uthamini na usajili, kuna wakili. Kodi ya faida ya mauzo, asilimia 10 ya faida, ni ya muuzaji, lakini wauzaji wengi wa Dar hukusukumia wewe, na bila uthibitisho wa TRA kwamba imelipwa hati haihamishiki. Soma mkataba ulivyoandikwa. Kama haukusema ni ya nani, kaeni chini leo, si siku hati inapongojea sahihi. Na kama upekuzi wa hati kwa msajili ulifanyika kabla hujatoa hiyo nusu, vizuri. Kama haukufanyika, funga gazeti, nenda ukafanye sasa hivi.

Tunakusanya hela ya kuhama, lakini kila wiki kadi ya mchango. Harusi tatu, kipaimara, send-off. Nikikataa nitaonekana nina roho mbaya. (Dada, Ukonga)

Huwezi kukataa zote, hapa ni Dar, kesho na wewe utachangiwa. Chagua moja, ya damu, utoe kwa heshima. Kwa nyingine, mpigie mhusika mapema kabla kamati haijaanza kukukumbusha kwenye kundi, mwambie: nahama, nina 20,000, kadi msinitolee. Kadi ya "double" ndiyo inayokula kodi yako, kisha unanunua na kitenge cha sare, na nauli ya bajaji ya saa sita usiku. Ahadi usiitoe kabisa. Ahadi ya mchango ni deni lenye mashahidi mia mbili.

Hatimaye tunahama Jumamosi hii, kutoka Mbagala kwenda Mbezi Mwisho. Kirikuu au Canter? Kuna kingine cha kukumbuka? (Wa Mbagala)

Hongereni. Kama ni vyumba viwili, Canter safari moja. Kirikuu inaonekana rahisi mpaka irudi mara ya pili kwenye foleni ya Jumamosi. Mkiweza sogezeni iwe Jumanne, maana mwisho wa wiki wa mwisho wa mwezi mji mzima unahama na madereva wanajua. Kubaliana bei ikiwa na wapakiaji ndani yake, na wa kushusha pia.

Kabla hujapokea funguo, nunua umeme wa 2,000 kwa namba ya mita ya nyumba mpya mbele ya mwenye nyumba. Kama kuna deni la nyuma litajitokeza hapohapo, na ataliona mwenyewe. Kodi ya majengo nayo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, ingawa ni ya mwenye nyumba. Mwambie mtaiondoa kwenye kodi ijayo, na uhifadhi meseji za manunuzi.

Jiko, sufuria moja, dumu la maji na chandarua visiingie kwenye mzigo wa Canter, watoto wavibebe kwenye daladala. Godoro lipakiwe la mwisho ili lishuke la kwanza.