Daftari la mchango linampita mdogo wangu

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nipo Newala. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 24. Miguu yake haina nguvu tangu utotoni, anatembelea baiskeli ya matairi matatu ya kuzungusha kwa mikono. Ni fundi simu, ana kibanda chake karibu na stendi. Majirani si wabaya, Ramadhani wanamletea hadi futari. Lakini ukitokea msiba au harusi hakuna anayemhesabu, na daftari la mchango likipita mtaani, yeye linampita. Anasema anajiona mgeni pale alipozaliwa. Tufanyeje? Na je, mama akimlipia michango itasaidia?
Dada mtu, Newala

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hao majirani nawajua, hata huku Mikindani wapo tele. Wanaona wanamwonea huruma, kumbe wamemtoa. Kwetu asiyedaiwa mchango hana sauti: siku ya kupanga shughuli, nani atamuuliza?

Mimi natembelea magongo, polio ilinikuta mdogo. Zamani nikifika msibani, hata pole sijatoa, mtu ananyanyuliwa kwenye kiti ili nikae mimi, kisha naletewa sahani. Wenzangu wako mkekani wanamenya vitunguu na kuteta, mimi nipo juu kama mgeni rasmi. Ikafika siku nikashuka mkekani, nikavuta kisu na ungo. Mmoja akasema, "Shangazi, pumzika." Nikamwambia miguu ndiyo mibovu, mikono haijambo. Basi wakanisogezea na vitunguu saumu, ile kazi inayokimbiwa na kila mtu! Siku hizi nikichelewa nasemwa.

Kwa hiyo mdogo wako asingoje kuitwa. Amwendee mwenye daftari aandikwe, atoe kiasi kilekile wanachotoa vijana wenzake. Wakimwambia "wewe tumekusamehe", akatae, kwa adabu lakini akatae. Kisha aombe kazi. Fundi simu msibani ni mtu wa maana: kuna ndugu wa Dar es Salaam na Masasi wa kupigiwa, kuna rambirambi zinazoingia kwa simu zinataka mtu wa kuziandika. Hiyo kazi haihitaji miguu.

Wewe dada mtu nenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwombe mikutano ifanyike mahali baiskeli inapofika, hata chini ya mwembe, badala ya ofisi yenye ngazi. Usiende kama mwomba fadhila. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ipo tangu 2010, na kushiriki mambo ya jamii ni haki yake.

Akitaka kukuza kibanda, aonane na afisa maendeleo ya jamii wa kata. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na katika hizo kumi, mbili ni za watu wenye ulemavu. Kanuni zimelegezwa, halazimiki kutafuta kundi kubwa kama wengine. Ila mkopo ni wa biashara. Hautamwingiza kwenye daftari.

Kuhusu mama kumlipia: hapana. Alipe mwenyewe kwa hela ya vioo vya simu. Mwezi akikwama aende kwa mwenye daftari aombe asubiriwe, kama tunavyoomba sote korosho zikiwa bado hazijalipwa.