"Kweli unataka awekwe kwenye mashine?"

SWALI: Shangazi, kijana wangu ana miaka 19 na ana mtindio wa ubongo. Nimonia ilipombana, daktari aliniuliza, kabla hata ya kumpima kifua, kama kweli nataka awekwe kwenye mashine ya kupumulia "kwa hali aliyo nayo". Amepona. Lakini siku nyingine, wanaweza kumnyima?
Mama B., Kayole

JIBU: Pole sana, dadangu. Hawawezi. Katiba, Kifungu cha 43, inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Daktari akisema mapafu yameharibika kiasi kwamba mashine haitasaidia, hiyo ni sababu ya kitabibu. Akisema haifai kwa kuwa kijana hatembei, huo ni ubaguzi, na Kifungu cha 27 kinautaja ulemavu waziwazi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia 2008, unakataza hata kumnyima mtu chakula na maji kwa sababu ya ulemavu.

Mimi natumia kiti cha magurudumu, na nayajua macho yanayokiona kiti kabla ya mtu. Yaliniumiza ulipoyaeleza.

Wakikuuliza tena, omba sababu iandikwe kwenye faili. Na tayarisha karatasi moja sasa hivi: anavyosema ndiyo, anavyoonyesha maumivu, kinachomchekesha. Yeye ni mtu mzima, kwa hiyo aulizwe yeye kwanza, hata kama jibu lake ni kupepesa macho. Wewe simama kando yake umsaidie kueleweka.