Diski C imejaa? Anza na cleanmgr, programu ya Windows ya kusafisha diski

Dada, kama C imebakiza GB 2 tu, usifute picha za sendoff ya mdogo wako, wala usikimbilie Mwanjelwa kununua diski. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cleanmgr, bonyeza Enter, chagua C, kisha bofya kitufe cha kusafisha faili za mfumo. Ukiona mabaki ya Windows ya zamani, weka tiki. Kwenye kompyuta yetu hapa Uyole yalikuwa GB 19! Ila ukishayafuta hutaweza kurudi tena kwenye toleo la nyuma la Windows, kwa hiyo hakikisha kwanza mashine iko sawa. Folda ya Downloads ikitokea kwenye orodha, usiiwekee tiki kabla hujaifungua. Mama alipoteza risiti zake za ada hivyo hivyo. Video za WhatsApp hamishia kwenye flashi.