Manning alirudi Knoxville, kombe likaja na mwingine

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: kwotabeki nyota wa chuo anapokataa kwenda kulipwa na kurudi kwa msimu wake wa mwisho, mashabiki wana haki ya kumdai nini, na je, ni busara kurudi? Ninaishi Knoxville, Tennessee, na hapa mjini swali hilo halijafungwa tangu mwaka 1997. Nimeulizwa kazini, nimeulizwa kwa kinyozi, nimewahi kuulizwa hata msibani. Jibu langu huwa linawaudhi watu: tumdai acheze vizuri kuliko alivyocheza mwaka uliopita. Kombe tusimdai yeye.

Kwa wale ambao futiboli ya Kimarekani wanaiona tu wakiwa wanabadilisha chaneli, kila upande huingiza watu 11, na kwotabeki ndiye anayepewa mpira karibu kila mchezo unapoanza upya. Ana sekunde mbili tatu za kuamua aurushe, amkabidhi mkimbiaji, au akimbie nao mwenyewe. Ligi ya kulipwa ya NFL haimpokei mtu mpaka ipite miaka mitatu tangu amalize sekondari. Kwa hiyo kijana hodari sana, akishamaliza mwaka wa tatu chuoni, anafika njia panda: aende akachukue fedha au abaki amalizie.

Peyton Manning alifika hapo mapema mwaka 1997. Shahada yake alishaimaliza kwa miaka mitatu. Katika drafti, yaani siku timu za NFL zinapochagua vijana kutoka vyuoni, nafasi ya kwanza ilikuwa ya New York Jets, na wengi waliamini yeye ndiye angechukuliwa. Mwezi Machi akawaita waandishi wa habari na kusema anabaki Chuo Kikuu cha Tennessee. Jets wakaiuza nafasi yao.

Mtu asiyeishi hapa hawezi kuelewa tangazo lile lilipokelewaje. Jumamosi ya mechi mji mzima huvaa rangi ya chungwa. Boti zinafungwa ubavu kwa ubavu kwenye Mto Tennessee, chini ya uwanja wa Neyland unaochukua watu zaidi ya 100,000, na moshi wa nyama choma unaanza asubuhi hata kama mechi ni ya jioni. Sisi Waswahili wa huku, Warundi, Wakongo na Watanzania wachache, tumejifunza kwamba harusi haipangwi Jumamosi ambayo timu iko nyumbani. Wageni wako watakwama barabarani na wali utapoa. Sasa mji wa namna hiyo ukiambiwa kijana bora nchini amekataa mamilioni ili abaki nao, utafurahi kwa wiki moja, halafu utaanza kupiga hesabu.

Na hesabu ilikuwa ya timu moja: Chuo Kikuu cha Florida. Mwaka 1995 Manning alifungwa na Florida 62-37. Mwaka 1996, hapa hapa nyumbani, Florida waliongoza 35-0 kabla Tennessee hawajajitutumua na kuishia 35-29. Kwa sababu hiyo Tennessee walimaliza nyuma ya Florida katika SEC, ligi ya vyuo vya kusini-mashariki mwa Marekani, miaka yote miwili, na zawadi yao ikawa Citrus Bowl, moja ya mechi za mwaliko za kufunga msimu, ambayo ni nzuri kwa timu nyingine lakini kwao ilikuwa kama kupewa soda kwenye karamu. Kocha wa Florida, Steve Spurrier, mtu wa maneno yake, alitania kwamba Manning amerudi ili awe nyota wa Citrus Bowl kwa mara ya tatu. Kwa hiyo msimu ulipoanza watu hawakusema "tunataka Manning acheze vizuri." Walisema apige Florida, achukue kombe la taifa, achukue na tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa vyuo. Vitu vitatu, kijana mmoja.

Tarehe 20 Septemba 1997 wakaenda Gainesville, nyumbani kwa Florida. Nina mzee mmoja ninayefanya naye zamu ya usiku, na kila Septemba lazima aturudishie mechi ile. Anachana kipande cha boksi, anachukua ile kalamu nene tunayoandikia mizigo, anachora mistari: hapa Tennessee wamekaribia mwisho wa uwanja wa Florida, hapa Manning anarusha, hapa beki Tony George anainasa. Kisha anauvuta mstari mrefu mpaka upande wa pili wa boksi. Yadi 89, na Florida wakapata pointi zile ambazo Tennessee walikuwa wanazinusa. Mechi iliisha 33-20. Mzee anasema mambo yaliishia pale, mwezi wa tisa, na kwamba yaliyofuata yote yalikuwa ya kujipoza.

Mimi nakataa, na boksi lake tumeshalichora pande zote mbili. Kwanza, Florida wenyewe walikuja kufungwa na chuo cha LSU, wakafungwa na Georgia, na Tennessee wakapenya kwenda fainali ya SEC dhidi ya Auburn. Pale walikuwa nyuma 20-7. Manning akarusha tachidauni nne, yaani pasi za kufikisha mpira mwisho wa uwanja wa wapinzani na kupata pointi, ya mwisho ikiwa pasi kwa Marcus Nash iliyokwenda yadi 73, wakashinda 30-29. Mwaka 1996 alikuwa na tachidauni 20 na pasi 12 zilizonaswa. Mwaka huu wa mwisho alipata tachidauni 36, zilizonaswa 11, na yadi 3,819. Kama deni lilikuwa aongezeke, aliongezeka, na ubingwa wa SEC akauleta.

Tuzo ya Heisman akapewa Charles Woodson wa Michigan, mtu ambaye kazi yake kubwa ilikuwa ulinzi. Usilitamke jina hilo kwa sauti kwenye baa za huku. Mimi naona Woodson alistahili, lakini hilo ni la siku nyingine.

Halafu ikaja Orange Bowl, mechi nyingine ya kufunga msimu, tarehe 2 Januari 1998, dhidi ya Nebraska. Manning alikuwa na goti bovu. Tennessee wakapigwa 42-17, na mkimbiaji wa Nebraska, Ahman Green, peke yake akakimbia yadi 206. Hapa ndipo ninapomwomba mzee anioneshe kwenye boksi lake Manning yuko wapi wakati Green anakimbia. Yuko benchi amekaa! Timu ya futiboli ina kikosi cha kushambulia na kikosi cha kulinda, na kwotabeki haingii ulinzi hata siku moja. Unamdai mtu alinde nyumba ambayo wakati wa kuvamiwa mpangilio wa timu unamweka nje ya uzio.

Ushahidi wangu mkubwa ni mwaka uliofuata. Manning ameondoka, na nafasi yake imechukuliwa na Tee Martin, kijana aliyekuwa akimtazama kutoka benchi. Hakuna aliyemdai Martin chochote, maana watu walitarajia mwaka wa kupumua. Mechi ya kwanza wakaishinda Syracuse 34-33 kwa mkwaju wa pointi tatu wa Jeff Hall mwishoni kabisa. Florida wakaja Neyland, wakafungwa 20-17 katika muda wa nyongeza: Hall kapiga mkwaju ukapita, wa Florida akapiga ukaenda pembeni. Novemba, dhidi ya Arkansas, Tennessee walikuwa wanaelekea kupoteza. Kwotabeki wa Arkansas, Clint Stoerner, alichohitaji ni kutunza mpira tu. Akajikwaa, akautua chini, ukamponyoka, Tennessee wakauokota na kushinda 28-24. Januari 1999 wakaifunga Florida State 23-16 na kuwa mabingwa wa taifa, mechi 13 bila kupoteza hata moja.

Martin msimu ule alirusha yadi 2,164 na tachidauni 19. Yaani kwa tachidauni ni kama nusu ya Manning wa 1997. Simdharau Martin, alikuwa na kichwa kilichotulia na miguu ya kumwokoa, na ile miezi ya benchi ilimfaa. Lakini ukikaa chini kwa haki utaona kombe lile lilitembea na ulinzi wa Al Wilson na wenzake, na mguu wa Jeff Hall, na mkono wa Stoerner uliokuwa unautafuta ukoka. Ukisema Manning alishindwa kuleta kombe, sema pia kwamba 1997 hakuna mtu wa Arkansas aliyejikwaa.

Mtu ataniuliza: na Joe Burrow je? Huyo alihamia LSU kutoka Ohio State, na mwaka 2018 alirusha tachidauni 16. Msimu wake wa mwisho, 2019, akarusha 60, akachukua Heisman kwa kura nyingi ajabu, akashinda mechi zote 15, akamalizia na Clemson 42-25. Ndiyo, aliweza. Ila tazama alivyoweza. LSU walimleta kocha Joe Brady kutoka New Orleans Saints, timu ya NFL, wakabadilisha mashambulizi yote, na waliokuwa wanapokea pasi ni Justin Jefferson na Ja'Marr Chase, watu ambao sasa mabeki wa NFL hawalali kwa ajili yao. Na jambo ambalo watu wanalisahau: mwanzoni mwa msimu ule karibu hakuna aliyemtarajia Burrow. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa kawaida tu, wa takwimu za kawaida. Ukichukua msimu kama ule ukaufanya kipimo cha wote, umewaonea.

Siku hizi kuna hoja mpya, ya fedha, nayo ina uzito. Wakati wa Manning mchezaji alipewa ada na malazi, basi. Tangu Julai 2021 wanaruhusiwa kuuza jina na sura zao, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa moja kwa moja, kila chuo kikianza na kama dola milioni 20.5 za kugawa mwaka wa kwanza kwenye michezo yake yote. Kwa hiyo anayerudi leo hakatai fedha, anachagua mfuko gani wa kuchukulia. Nakubali kwamba hilo linapandisha deni. Mtu anayelipwa adaiwe kazi: awepo mazoezini mapema, ajue wapinzani wake, makosa ya jana asiyarudie.

Kwa kipimo hicho hicho, Drew Allar wa Penn State hakulipa lote. Januari 2025 pasi yake ilinaswa mwishoni kabisa mwa nusu fainali, na Notre Dame wakashinda 27-24. Akarudi kwa mwaka wa mwisho. Timu ikapangwa ya pili nchini kabla hata mpira haujarushwa. Mwezi Septemba wakaenda na Oregon mpaka muda wa nyongeza wa pili, na mechi ikafungwa kwa pasi yake nyingine kunaswa, 30-24. Hapo shabiki wa Penn State akilalamika namwelewa kabisa, maana lile ndilo kosa alilorudi kulirekebisha. Lakini wiki iliyofuata wakafungwa 42-37 na UCLA, timu ambayo haikuwa imeshinda mechi hata moja. Pointi 37 zako hazitoshi? Huyo si kwotabeki tena. Wiki iliyofuata wakapoteza kwa Northwestern 22-21, Allar akaumia na msimu wake ukaishia pale, na kesho yake kocha James Franklin akafukuzwa. Mlima wote ule wa matarajio uliporomoka ndani ya wiki tatu, na sehemu ya Allar katika maporomoko hayo ilikuwa mechi moja.

Sasa, je, ni busara kurudi? Sehemu hii ya swali nadhani mashabiki tunaijibu kwa moyo wetu na siyo kwa mwili wa mtoto wa watu. Sam Bradford wa Oklahoma alirudi mwaka 2009 akiwa na Heisman mkononi. Mechi ya kwanza tu, dhidi ya BYU, bega likaumia. Akarudi uwanjani, likaumia tena. Bado alichaguliwa wa kwanza katika drafti ya 2010, lakini mama yake alivyoiona mechi ile ya BYU ni jambo ambalo hakuna jarida linalouliza. Matt Leinart wa USC naye alikuwa na Heisman yake alipobaki kwa 2005. Masomo yalishakwisha, somo alilobakiza lilikuwa la kucheza dansi, na sote tulimwonea wivu. Akafika fainali hajafungwa msimu mzima, akapoteza kwa Texas 41-38, na katika drafti akaenda wa kumi.

Manning yeye alichaguliwa wa kwanza mwaka 1998, na Indianapolis Colts, kama ambavyo huenda angechaguliwa mwaka mmoja kabla. Alichopoteza ni mshahara wa mwaka mmoja. Jezi yake namba 16 ilistaafishwa hapa mwaka 2005 na ana barabara yenye jina lake karibu na uwanja wa Neyland. Tee Martin naye ana yake, hapo hapo jirani. Mzee wangu wa zamu huegesha gari kwenye ya Martin, na anasema ni kwa makusudi.