Anza na treni, kaka

Kaka, umeuliza ukianza kukusanya muziki wa okestra wa filamu za zamani za upelelezi, uanze na upi. Mimi ningeanza na Murder on the Orient Express ya 1974, muziki wake ni kazi ya Richard Rodney Bennett. Sikiliza pale treni inapoondoka: inajikongoja, inapumua, halafu inageuka waltz, ile dansi ya mapigo matatu, utadhani abiria wanakwenda harusini. Mwaka huohuo Jerry Goldsmith alitunga muziki wa filamu ya Chinatown kwa siku kumi hivi. Tarumbeta moja, piano nne, vinubi vinne, fidla na wapiga ngoma wawili, basi. Tarumbeta ile usiku wa mvua hapa Sinza, hata chai inapoa mkononi.

Ukipata santuri, zisimamishe wima. Yangu moja niliilaza juu ya kabati karibu na dirisha, joto la Januari likaipinda. Sasa sindano inapanda na kushuka kama daladala kwenye matuta. Na kabla hujalipa, itoe kwenye jalada uiinamishe kwenye mwanga uone mikwaruzo. Muuzaji akigoma, mwachie santuri yake.