Anza na kunde

Dada wa Kisumu, umeuliza mbegu gani zitawavutia wanao wa miaka 5 na 8 kwenye kibustani cha nyuma ya nyumba. Anza na kunde. Punje zake ni kubwa, vidole vidogo vinazishika vizuri, na huchipuka ndani ya wiki moja hivi. Dania huchelewa, na mtoto hana subira hiyo. Managu na mrenda panda wewe. Mbegu ni ndogo mno, zichanganye na mchanga mkavu kwanza. Dukani kagua tarehe na kibandiko cha KEPHIS, shirika la serikali ya Kenya linalokagua mbegu. Mbegu zilizopakwa rangi zina dawa, watoto wasizishike kabisa. Kila mmoja apewe tuta lake, hata akimwagilia mpaka liwe tope. Na kuku wa jirani? Zungushia wavu mapema.